Mama akiulizwa "unaendeleaje?" anajibu "namshukuru Mungu", kisha dozi inaongezwa

Swali
Wakuu, namsindikiza mama kliniki ya presha. Nyumbani analalamika miguu kuvimba na siku nyingine anaruka dawa, lakini mbele ya daktari hasemi. Zile dakika chache tuzitumieje?

Jibu la 1
Lalamiko litangulie: "Miguu inavimba tangu nianzishiwe amlodipine." Taja ilianza lini, ni mguu mmoja au yote miwili, na kama asubuhi inapungua. Dawa hiyo ya presha huvimbisha miguu, hasa dozi ikifika miligramu 10, na daktari anaweza kuipunguza au kuibadili. Asipoambiwa anabaki na namba ya mashine tu.

Kuruka dawa msikufiche kabisa. Presha ya 170/100 iliyotokana na vidonge kutomezwa haitibiwi kwa kuongeza vidonge; siku akivimeza vyote ilivyoandikwa inaweza kushuka mno, apate kizunguzungu na kuanguka. Semeni karuka siku ngapi na kwa nini: zimeisha, hela hakuna, au anaogopa kukojoa njiani.

Jibu la 2
Wengine huacha dawa asubuhi ya kliniki wakidhani ni kama kipimo cha sukari cha kufunga. Ameze kama kawaida, labda daktari awe amekataza.

Mkiwa na mashine, pimeni siku 7 kabla: asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila mara vipimo viwili vya kupishana dakika moja. Akae kimya dakika 5, aegemee, asikunje nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya kwenda juu. Andikeni namba zote, hata zinazotisha. Kwa nyumbani, wastani wa 135/85 tayari ni juu.

Jibu la 3
Bebeni dawa zenyewe mfukoni, pamoja na mitishamba na diclofenac, ile dawa ya maumivu ya magoti iliyonunuliwa dukani. Hiyo diclofenac inapandisha presha na hakuna anayeitaja!

Kabla ya kutoka, mama aeleze mwenyewe atamezaje. "1×2" ni kimoja mara mbili kwa siku. Wapo wanaomeza viwili kwa mpigo.

Muuliza swali
Na akisema tena "namshukuru Mungu"?

Jibu la 1
Mwache amalize, hiyo ni salamu. Kisha wewe: "Mama, mwoneshe daktari miguu." Siku hiyo avae ndala, asihangaike na kamba za viatu.