Inveta au mashine ya koili? Nafungua karakana Uyole

Kijana_Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kununua mashine ya kuchomelea. Inveta, ile nyepesi ya kielektroniki, au ile nzito ya koili, ya waya wa kuviringa? Bajeti laki nne.

Nyundo: Mkuu, swali halina kichwa wala miguu. Unachomelea nini? Chuma geji ngapi, yaani unene wake? Umeme fezi moja, ule wa nyumbani, au tatu?

Kijana_Uyole: Mageti na grili, skwea paipu geji 16 na 18. Fezi moja.

DadaFundi: Inveta. Geji 18 ni kama milimita 1.2 tu, na koili za mtaani ampia, yaani mkondo wa umeme, hazishuki vizuri, utatoboa paipu kutwa. Rodi (kijiti cha kuchomelea) geji 12, ampia 60 hivi, unatembea nayo taratibu.

Mwana_Kyela: Inveta sina hamu nazo. Nilinunua moja Mwanjelwa, imeandikwa ampia 200. Grenda iko meza hiyohiyo, feni inavuta vumbi la chuma, mimi sina habari. Siku nimepokea trela la watu, nikaweka rodi nene, geji 10, kitu pwaa! Moshi. Fundi redio kuifungua, bodi nyeusi tii, transista zimekwenda. Spea hakuna, mwenye trela kakaa hapo kwenye tairi ananiangalia, na advansi yake nimeshalia ugali. Koili ikiungua unaviringa waya upya, maisha yanaendelea.

DadaFundi: Sasa hapo mashine imekosa nini? Grenda ikae mbali, mashine ipulizwe upepo. Na soma kibati cha mashine: ikiandikwa asilimia 60 kwa ampia fulani, ni dakika 6 za kuchomelea katika kila 10.

Mzee_Karakana: Koili nazo nyingi siku hizi waya wake ni aluminiamu. Kopa (shaba) kwa ujazo uleule ni nzito zaidi ya mara tatu, inyanyue kabla hujalipa. Halafu vijana, mnabishania mashine, mchoro je? Mageti yenu yanapinda kwa kuchomelea upande mmoja hadi mwisho. Chora sakafuni kwa chaki, piga taki, vidoa vya kushikiza tu, kona zote, pima mishazari miwili, kona hadi kona, ilingane, ndipo umalizie kuchomelea.

Nyundo: Shikamoo mzee. Wateja wa leo wanaleta picha ya simu, vipimo hawana.

Wa_Tukuyu: Nachomekea kidogo. Huku mvua haituachi, maungio yanaota kutu upesi. Mnapaka nini?

DadaFundi: Gonga gamba lote la rodi, piga brashi ya waya, redoksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) mara mbili, ndipo rangi.

Kijana_Uyole: Asanteni. Ila nguzo ya umeme haijafika kwangu, nitaanza na jenereta ya kuazima.

Nyundo: Si ungesema mapema! Jenereta nguvu yake KVA ngapi?