Naomba ushauri: oveni inakwamisha bekari, niongeze ya pili au nipange upya ukandaji?

Wakuu, ni bekari ya mikate ya gramu 400, Dar. Maduka yanataka mzigo kabla ya saa 12 asubuhi. Ukichelewa, rafu imeshajaa mikate ya mwenzako, hata wako uwe mtamu vipi.

Mashine ya kukandia inabeba kilo 50 za unga: dakika 25, donge la mikate kama 175. Oveni inabeba 120 tu, dakika 40 kuoka na 10 za kupakia na kutoa. Donge linalobaki linasubiri kwenye joto, linaumuka kupita kiasi, mkate unabonyea juu na kunuka uchachu. Kupunguza hamira pekee naona ni kuahirisha tatizo.

Nafikiria kukanda kilo 34 kila baada ya dakika 50, gramu 450 za donge kwa kila kopo, oveni ndiyo iamue mwendo. Ila kupoza kunataka masaa mawili hivi, yaani nafasi ya mikate hadi 360, mipakio mitatu ya oveni ikipoa kwa pamoja. Ukikata ungali moto, kisu kinararua, mfuko unatoa jasho, ukungu unawahi.

Waliopanga hivi, inatosha? Na zamu ya kwanza ianze saa ngapi kupata mikate 700?