Naomba ushauri: riwaya yangu ya kusaka muuaji wa mfululizo imekwama sura ya 9

Karani wa Buti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni karani wa vifurushi kwenye ofisi ya mabasi hapa Mbeya. Usiku nikishafunga kaunta naandika riwaya kwenye simu, huu mwaka wa pili. Kisa chenyewe: ndani ya miezi saba wanawake wanne wameuawa, Mbeya, Makambako, Morogoro na Dar, wote wamenyongwa kwa kamba ya kufungia mizigo, na fundo ni lilelile. Mpelelezi wangu ni Inspekta Tunu, mama wa miaka 41, mjane, hana mchezo. Muuaji ni dereva wa lori. Msomaji anamjua tangu sura ya 2, Tunu hamjui.

Sura nane zilitiririka. Hii ya 9 imenigomea tangu Mei. Tunu yuko Mbeya na maiti ya kwanza. Nataka agundue kwamba Morogoro kuna nyingine yenye fundo hilohilo. Nikaandika amekaa mbele ya kompyuta, anachapa neno "fundo", skrini inamletea ramani ina vidoti vyekundu. Nikamsomea mdogo wangu, akacheka mpaka akapaliwa. Anasema, "Kaka, hiyo kompyuta iko kituo gani nikaripoti simu yangu iliyoibwa?"

Sasa wakuu, Tunu atajuaje? Na je, nimekosea kumtaja muuaji mapema? Mwisho nimeshauandika, wanafukuzana kwa magari mlima Kitonga, huo sitaki kuugusa.

Mzee wa Kahawa Chungu

Swali dogo tu kabla wataalamu hawajafika. Huyo Tunu anatoka Mbeya kwenda Morogoro kwa masurufu ya nani? Nani amesaini?

Utingo Mstaafu

Mdogo wangu, nimekaa kwenye lori miaka kumi na moja, kwa hiyo nisikilize. Lori lenye mzigo likipanda Kitonga hata mtoto anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni anatembea nalo sambamba huku anakuhesabia chenji. Likishuka ndiyo kabisa, gia ndogo, breki zinanuka. Nani anamfukuza nani pale?

Halafu dereva wa lori hana uhuru huo unaoufikiria. Tajiri anapiga simu kila saa mbili, "upo wapi?" Kila mizani lazima ukanyage, Makambako, Mikese, Vigwaza, na kila ukipima kuna namba ya gari, uzito na saa. Traka nayo, kile kifaa cha kuonyesha gari lilipo, imefungwa. Huyo muuaji wako ameacha alama zaidi ya kobe mchangani. Sisemi asiwe dereva. Nasema wewe mwandishi unadhani barabara inamficha, kumbe barabara ndiyo inamwandika.

Wakili Asiye na Joho

Habari ya kompyuta nakuunga mkono uifute, ila usiende upande wa pili ukaonyesha polisi hawajui kazi. Kaa kwenye utaratibu wenyewe, una utamu wake.

Mauaji yakitokea linafunguliwa jalada kituoni, linapewa namba. Kwa wilaya lipo chini ya OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, kwa mkoa yupo RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mbeya ina RCO wake, Njombe wake (Makambako ni Njombe, usije ukaipeleka Iringa kama wengi), Morogoro wake. Dar nayo ni Kanda Maalum, ina mikoa yake ya kipolisi, Ilala, Kinondoni, Temeke. Juu ya wote yupo DCI, mkurugenzi wa upelelezi wa makosa ya jinai wa nchi nzima. Kwa hiyo maiti zako nne ni majalada manne, makabati manne, wakubwa wanne, na kila mmoja anaamini lake ni la mapenzi au la urithi. Hakuna aliye mjinga hapo. Kila mtu ameona kipande chake tu. Unaona hadithi ilipo? Tunu akigundua uhusiano, bado atamwandikia mkubwa wake barua kuomba majalada ya mikoa mingine, na mkubwa atauliza, "Fundo? Unataka kumsumbua RCO wa watu kwa sababu ya fundo?"

Vielelezo vya maabara vinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu hayarudi kabla chai haijapoa.

Zawadi nyingine ya bure. Mtuhumiwa akishakamatwa, sheria yetu inampa polisi saa nne za kumhoji, na zikiongezwa zinaongezwa kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi ndani yake. Maelezo ya ungamo yakichukuliwa nje ya muda, wakili kama mimi anayakalia mahakamani mpaka yanatupwa. Wewe unataka magari yafukuzane wakati unayo saa ya ukutani! Mweke Tunu na muuaji chumbani, imebaki dakika 50, jamaa anaomba maji, anaomba chooni, anaomba maji tena.

Nyaraka za Kale

Wakili amegusa ninapopapenda. Karani, kabla hujaandika mstari mwingine isome kesi ya Peter Sutcliffe wa Uingereza. Aliua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980, Leeds, Bradford, Manchester, Huddersfield, Halifax. Na alikuwa dereva wa lori, kwa hiyo Utingo asikutishe sana.

Polisi walimhoji mara TISA. Walikuwa naye kiganjani. Mwaka 1977 mkoba wa marehemu mmoja wa Manchester ulikutwa na noti mpya ya pauni 5, wakaifuatilia mpaka benki, kutoka benki mpaka kwenye mishahara ya viwanda na kampuni za eneo lile, na kampuni yake ilikuwamo. Wakamhoji, wakaondoka. Taarifa ziliandikwa kwenye kadi za karatasi, na makaratasi yalijaa hata sakafu ya chumba ikabidi iimarishwe. Kadi yenye jina lake ilikuwepo, nyingine ilikuwepo pia, hazikuwahi kukutana mezani.

Kuna jambo baya zaidi. Mwaka 1979 ukaja mkanda wa sauti, mtu anajigamba kuwa ndiye muuaji, lafudhi ya Sunderland. Wakubwa wakauamini. Kuanzia hapo mtu asiye na lafudhi ile anaachwa, na Sutcliffe hakuwa nayo. Wanawake watatu zaidi wakafa. Aliyerekodi ule mkanda alikuja kujulikana 2005 kwa vinasaba, mlevi tu wa mtaani aliyeamua kufanya mzaha.

Alikamatwaje? Januari 1981, Sheffield, askari wa doria waliona gari limeegeshwa gizani, namba zake za bandia. Akaomba akajisaidie pembeni. Kesho yake usiku askari mmoja hakutulia moyoni, akarudi pale pale, akakuta nyundo na kisu vimefichwa. Baada ya miaka mitano ya msako mkubwa kabisa wa nchi, mtu alinaswa kwa namba za gari na askari aliyekumbuka haja ndogo.

Sasa weka mkanda wako wa uongo. Sauti ya WhatsApp inazunguka magrupu yote, mtu ana lafudhi ya kanda fulani, nchi nzima inawatazama watu wa kanda ile kwa jicho baya, na muuaji wako yupo kwenye foleni ya mizani anaisikiliza na wenzake.

Mama Nuru wa Chamazi

Mmemaliza? Mimi nimeisoma sura ya 1 aliyoiweka kwenye ule uzi wake mwingine. Kaka, nakusifu, kalamu unayo. Lakini marehemu wako wa kwanza nimejua rangi ya kucha zake, nimejua mapaja yake yalivyolala kwenye majani, jina lake sikulijua. Mpaka sura inaisha anaitwa "mwili". Muuaji umemwandikia kurasa sita na utoto wake wote, mpaka mbuzi aliyemzika.

Afrika Kusini kuna Moses Sithole. Kati ya 1994 na 1995 aliua Atteridgeville, Boksburg na Cleveland, kuzunguka Pretoria na Johannesburg. Alihukumiwa 1997 kwa mauaji 38, miaka 2,410. Hakuwa anavizia watu vichochoroni. Aliwaahidi kazi. Mwanamke anavaa nguo yake nzuri, anabeba vyeti, anaaga nyumbani anakwenda kwenye usaili, anatembea na yule mtu mchana kweupe. Alikuwa hata na taasisi yake ya mfukoni, eti ya kupinga unyanyasaji.

Hilo kwetu linaeleweka kuliko kamba na fundo. Ni binti gani wa Mbozi au Makete asiyejua habari ya "kuna dada anatafuta msichana wa kazi Dar, nauli anatuma"? Wa kwanza kutafuta huwa si polisi, ni mama mtu na picha ya pasipoti, anaambiwa "mama, amepata bwana huyo, atapiga simu". Kwa nini Tunu asianzie hapo?

Na muuaji mfiche. Kumjua mapema kunatufanya tukae naye muda mrefu mno.

Nyaraka za Kale

Dada, nakubali yote isipokuwa la mwisho. Msomaji akimjua, kila Tunu anapompita karibu roho inamtoka. Ile mara tisa ya Sutcliffe inauma kwa sababu sisi tunajua.

Mama Nuru wa Chamazi

Basi tumjue mikono tu. Utoto wa mbuzi utoke.

Karani wa Buti

Nimesoma yote mara mbili, nyingine nikiwa kaunta, nikampa abiria risiti ya mtu mwingine.

Kitonga imeniuma, niliipenda ile sura. Inatoka. Mbuzi naye anatoka, Mama Nuru samahani, na jina la marehemu wa kwanza ni Atupele, nalijua tangu siku ya kwanza, sijui kwa nini sikuliandika.

Ila kuna kitu hakuna aliyekisema, nimekiona leo nikiwa najaza kitabu. Mimi kila siku naandika mtumaji, mpokeaji, namba ya simu, kilichomo, thamani. Mabinti wanaoitwa kazini hutanguliza begi kwenye buti, wao wanafuata. Au wanafika wao, begi linabaki ofisini hadi tunaliuza. Mabegi yasiyochukuliwa tunayo chumba kizima. Nimejaribu hivi usiku huu:

*"Tunu hakuja na bunduki. Alikuja na picha ya pasipoti na mama mmoja mwenye kanga ya msiba. Karani akafungua kitabu cha Machi, akalamba kidole, akapekua. 'Atupele, begi moja jeusi, nguo, elfu thelathini. Mpokeaji Morogoro.' Tunu akaandika namba ya mpokeaji. Karani hakufunga kitabu. 'Afande,' akasema, 'hii namba naijua. Imetumiwa mabegi matatu. Hakuna hata moja lililochukuliwa.' Mama akauliza kama anaweza kuliona begi."*

Mama Nuru wa Chamazi

Hapo kwa mama usiongeze neno.

Utingo Mstaafu

Na sasa hamhitaji lori. Lakini mpeleke mizani hata mara moja, kwa heshima yangu.

Wakili Asiye na Joho

Laini ile imesajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa cha mtu, alama ya kidole na kila kitu. Asiwe yeye. Awe mmoja wa mabinti, aliyesajili laini kwa hisani siku alipoahidiwa kazi. Tunu akimfuata mwenye laini, anafika kwenye kaburi.

Karani wa Buti

Wakili umeniharibia usingizi. Naenda kuandika.

Mzee wa Kahawa Chungu

Masurufu bado hamjanijibu.