Bustani ya mtaa: Jumamosi watu wanajaa, katikati ya wiki mboga zinakauka. Vikosi tuvipangeje?

Binti_Uluguru

Wakuu, habarini za jioni. Naomba ushauri wa kupanga watu, kilimo chenyewe hakitusumbui sana. Tuna bustani ya mtaa hapa Morogoro mjini: matuta 24, kila tuta upana mita 1.2 na urefu mita 8. Tumepanda mchicha, chainizi, sukuma, matembele, na nyanya matuta manne. Waliojiandikisha ni 28, wote wa kujitolea. Bomba lipo moja, keni nne za lita 10, majembe sita.

Jumamosi asubuhi wanakuja hata 20. Sita wanalima, waliobaki wanapiga soga. Jumanne hadi Alhamisi humwoni mtu, na miche ya nyanya iliyohamishwa Jumamosi inalala chini. Ukiuliza kwenye grupu la WhatsApp nani atamwagilia kesho, unapata dole gumba kumi na asubuhi hakuna hata mmoja.

Tuunde vikosi vya kazi (maji, palizi, mboji, kitalu) au kila kikosi kipewe matuta yake? Na mavuno tugawane vipi bila kununiana?

Keni_Mbili

Dada, piga hesabu ya maji kabla hujaandika jina la mtu yeyote. Kiangazi, tuta la mita za mraba karibu kumi linataka lita kama 40 kwa siku, yaani keni nne. Kwa matuta 24 ni keni 96, karibu lita 1,000. Hapo ndipo bustani nyingi zinapofia: kazi hiyo inaangukia watu watatu wenye huruma, wakichoka basi.

Mimi nasema gawa matuta. Vikosi vinne, kila kimoja matuta sita na watu saba. Matuta sita ni keni 24. Wakiwa wawili na kila mmoja amebeba keni mbili, ni safari sita za bombani kwa kila mtu. Bomba likiwa karibu, nusu saa mpaka dakika 40 wamemaliza. Watu saba, siku saba, wawili kila siku: kila mtu ana zamu mbili tu kwa wiki. Ukimwambia mtu "zamu mbili za nusu saa, Jumatatu na Ijumaa" anakubali. Ukimwambia "tusaidiane kumwagilia" anakubali pia, ila haji.

Keni nne zinatosha kikosi kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo pishanisha: viwili asubuhi (saa kumi na mbili na saa moja kasoro robo), viwili jioni kuanzia saa kumi na moja. Na kinachokula muda zaidi ni kusubiri keni ijae. Weka pipa la lita 200 chini ya bomba, lijazwe mapema, watu wachote humo.

Zamu ya watu wawili ina mtego wake: kila mmoja anadhani mwenzake amekwenda. Jina la kwanza kwenye orodha ndilo lenye dhamana. Akipata dharura, atafute mtu wa kumshikia kwa jina, kwa simu, kabla ya saa mbili usiku wa kuamkia zamu. Kutupa ombi kwenye grupu kusihesabike kuwa ametafuta. Orodha ibandikwe mlangoni kwa stoo, ndani ya plastiki, na aliyemaliza aweke tiki na saa.

Mama_Kitalu

Nakubaliana na hapo juu kuhusu matuta, ila kitalu usikigawe. Kitalu kinataka watu wawili walewale kuanzia kusia hadi kuhamisha. Wakipita wengi, mmoja anamwaga maji kwa matone mazito na mbegu zinahama, mwingine anaondoa kivuli mapema kwa kuwa "miche imeshakua". Nyanya inakaa kitaluni kama wiki nne, na wiki ya mwisho unapunguza maji na kivuli ili ikomae. Asiyejua miche iko wiki ya ngapi atafanya kinyume.

Hiyo miche yenu kulala, mwanangu, nadhani chanzo ni saa mnayohamisha. Asubuhi ya Jumamosi watu ni wengi, mnaona ni nafasi nzuri, kisha jua la saa tano linaipiga mizizi haijashika. Asubuhi wachimbe mashimo tu, yaachane kwa sentimita 60 kwa 50, waweke samadi na kuchanganya na udongo. Kuhamisha kufanywe jioni na watu wanne au watano, na maji hapohapo.

Palizi nayo ina lake. Mchicha pori na mchicha wa kupanda vikiwa na majani manne vinafanana mno, hata mzoefu anainama kuangalia mara ya pili. Mgeni atakung'olea tuta zima na kukuonyesha kwa furaha. Usimwage mbegu ovyo: sia kwa mistari inayoachana sentimita 20, kwa kamba na vigingi. Mgeni mwambie neno moja tu, kilicho nje ya mstari king'oe.

Kila mwenye zamu ya maji afundishwe pia kuchomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Wengi wanalowesha uso wa tuta, linang'aa vizuri, chini udongo ni unga. Bora keni nne zilizozama tuta moja baada ya jingine kuliko kupita juujuu bustani nzima.

Mzee_wa_Mboji

Hiyo Jumamosi iwe ya saa mbili tu, saa moja hadi saa tatu. Kiongozi wa zamu awahi nusu saa na kuchomeka vijiti vyenye vitambaa: chekundu tuta la kupalilia, cheupe la kulima, cha kijani la kuvuna. Anayechelewa haulizi mtu, anaangalia kitambaa. Soga inaanza pale watu kumi wanapomsubiri mmoja awaelekeze.

Vipimo vya kupangia watu: kulima tuta moja kama hilo ni watu wawili, saa moja, iwapo lilimwagiwa jioni iliyotangulia. Likiwa kavu watachoka kabla ya nusu na mpini utavunjika. Samadi iliyooza debe mbili kwa tuta, mtu mmoja na toroli anahudumia wanaolima wote. Mbichi msiiguse, inaunguza mizizi na kuleta magugu ya zizini. Kugeuza mboji ni watu watatu, na hao wawe walewale kila mara. Lundo likipungua kimo cha mita moja halishiki joto. Choma fimbo katikati, iache dakika kumi, uichomoe: ikiwa ya moto, kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu, geuza na umwagie maji.

Majembe msiongeze. Watu 20 hawatakiwi kulima kwa pamoja, watakanyaga matuta. Sita walime, wengine wapalilie kwa mkono, wavune, watandaze majani makavu. Matandazo yakishika vizuri, sukuma na nyanya zilizokomaa zinavumilia kumwagiwa siku moja na kuruka moja. Mchicha mdogo hauvumilii.

Halafu angalieni kalenda. Jumamosi mnawaacha Wasabato wote nje, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni usafi wa mtaa. Kikosi kimojawapo kifanye kazi zake kubwa Jumapili jioni.

Hesabu_Safi

Kuhusu mavuno: pointi. Zamu ya maji pointi moja, Jumamosi pointi mbili, zinaandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo. Kuvuna kuwe Jumatano jioni na Jumamosi tu. Toa kwanza theluthi ya kuuza kwa ajili ya bili ya maji na mbegu, iliyobaki igawanywe kwa pointi za wiki. Asiye na pointi ananunua kama jirani mwingine.

Keni_Mbili

Theluthi sawa, siku mbili sawa. Pointi sizipendi. Mtu akishaanza kuhesabu pointi anaona kazi isiyoandikwa kuwa si kazi: nani atafunga koki inayovuja au kuokota mifuko iliyopeperushwa? Tengeneza mafungu sawa kwa wote waliotimiza zamu zao wiki hiyo, aliyekosa bila kutafuta mbadala anaruka wiki. Inatosha.

Hesabu_Safi

Mkuu, koki ipewe pointi. 😄 Ila kwa watu 28 wanaojuana, mafungu yanaweza kwenda. Wakifika 50 utanikumbuka. Jambo ambalo halina mjadala ni dawa: mtu mmoja tu apulize, aliyefundishwa, na tuta liwekwe kibao chenye tarehe ya kuruhusiwa kuvuna kama lebo inavyosema. Kikosi kingine kikivuna bila kujua, mtakuwa mmelisha watu sumu.

Binti_Uluguru

Nashukuru sana wote. Tumeelewana: matuta kwa vikosi, kitalu na mboji vina watu wake, mavuno kwa mafungu kwanza. Swali la mwisho: masika ikianza, zamu za maji tuzifute?

Mama_Kitalu

Usizifute, zibadilishe kazi. Mwezi wa tatu wengi wanakwenda kulima mashamba yao ya mahindi na mpunga, kwa hiyo panga kwa nusu ya watu mlio nao sasa na uunganishe vikosi viwe viwili. Zamu ya siku iwe kuzibua mifereji kati ya matuta na kukagua nyanya: majani ya chini yenye madoa yanatolewa na kuchomwa, hayaendi kwenye mboji. Nyanya isishikwe ikiwa imelowa, mikono inahamisha ugonjwa mche hadi mche. Hiyo zamu ianze saa nne, umande ukishakauka.