Naomba ushauri: kifaa cha bei nafuu cha kurekodi piano nyumbani

Hamjambo wenzangu. Nafanya mazoezi nyumbani, mtaa wa Umoja, Nairobi, kwenye piano ya umeme, Yamaha P-45, na mwalimu anataka nimtumie rekodi kila Jumapili. Natumia simu, lakini hujirekebishia sauti yenyewe: nikigusa taratibu inaipandisha, nikibonyeza kwa nguvu inaishusha. Mwalimu anadhani nacheza kila kitu sawasawa! Juzi tena, katikati ya sehemu ya polepole, honi ya matatu ikaingia.

Nikanunua waya wa USB wa kuunganisha piano na kompyuta nikidhani nimepata dawa. Kumbe tundu lile hutoa MIDI tu, yaani taarifa za vitufe vilivyobonyezwa, si sauti yenyewe. Sasa nafikiria kutoa sauti kwenye tundu la hedifoni, lile nene la milimita 6.35, niiingize kwenye kompyuta kupitia kadi ya sauti ya nje. Au nichukue rekoda ya mkononi kama Zoom H1n? Hiyo itanifaa hata kwenye piano ya kanisani, ila nyumbani honi ziko palepale.

Nina shilingi 12,000, na mtumba sikatai. Mliowahi kununua kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, nikijaribu dukani niangalie nini?