Nimetoka dirisha la dawa sasa hivi. Eti "MTOTO YUKO WAPI?" Mtoto ni MIMI!

Kiroboto wa Kimara:

Wakuu, heshima mbele. Wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa foleni za hospitali. Huu ni wa yule mama peke yake, anastahili uzi wake.

Naandikia ndani ya mwendokasi. Mkono mmoja nimeshika bomba, kwapa la jirani liko usoni kwangu, na huu mkono uliobaki unatetemeka kwa hasira. Mkikuta herufi zimerukana mjue chanzo.

Yule mama mnamjua. Msijifanye. Dirisha la dawa, hospitali ile. Miwani ina mnyororo unaning'inia shingoni, na ana kale kafeni ka kuchaji anajipepea yeye tu, sisi huku upande wa pili wa kioo tunaiva kama makande. Huyo huyo.

Nimefika saa mbili kasoro asubuhi. Namba yangu 87. Nimekaa kwenye benchi mpaka makalio yakachora ramani ya mbao. Inaitwa 87, nasogea na adabu zote nilizofundwa Muheza, nainamisha na kichwa kidogo, nasema, "Shikamoo mama."

Kimya. Anachukua cheti cha daktari. Anakisogeza mbali, anakisogeza karibu. Ananitazama. Anatazama nyuma yangu. Halafu wakuu, ANACHUNGULIA CHINI YA KAUNTA, kama vile kuna kitu kimejibanza katikati ya magoti yangu. Hajaona kitu. Anavuta kile kipaza sauti cha kuitia namba, kile kile kinachosikika mpaka kwa wauza maji nje ya geti, anasema:

"Mtoto yuko wapi?"

Nina miaka 39. Nina ndevu. Nywele za mbele zimeshaaga zinaelekea kisogoni.

Nikamwambia mama, mgonjwa ni mimi. Hakukiachia kipaza sauti. "Hii ni dawa ya watoto watundu. Wewe baba mzima unaumwa UTUNDU?"

Foleni ilivyolipuka! Kuna mzee alikuja na mguu una hogo la plasta, anaugulia tangu alfajiri, akasahau kuugua akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Na palikuwa na katoto ka miaka kama sita, kametulia kwenye mapaja ya mama yake kama kapo msikitini. Kakageuka, kakanitazama. Kwa HURUMA.

Na shikamoo yangu mpaka saa hizi haijaitikiwa. Imebaki pale imeganda kwenye kioo.

Kwa wageni wa habari zangu: mwezi wa tatu niliambiwa nina ADHD, ile hali ya ubongo ya kutotulia na mawazo kurukaruka. Nilienda kwa daktari baada ya kuunguza sufuria la tatu la maharage na kununua LUKU mara mbili kwa mita ya nyumba niliyohama 2021. Mpangaji wa kule ananiombea dua. Yule daktari namheshimu, tusimwingize humu. Aliniambia kitu hiki hakianzi ukubwani, lazima dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, kwa hiyo nitafute ushahidi. Mama akafukua sanduku la bati akanitumia ripoti yangu ya darasa la nne. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Anaelewa ila hatulii. Amepoteza madaftari sita." Daktari akaniambia mtu mzima dalili 5 kati ya zile 9 za kutotulia mawazo zinatosha. Mimi tulihesabu 8. Ya tisa tulisahau kuizungumzia.

Nililia mle chumbani, sioni aibu kusema. Miaka yote hiyo naitwa mzembe, naitwa bwana kesho, mke wa kwanza kaondoka kwa sababu hiyo hiyo, kumbe kina jina.

Basi nikajua nimeshapona nusu. Thubutu! Dawa yenyewe, Ritalin, ni ya kudhibitiwa, napewa ya mwezi mmoja. Ikiisha nirudi, nipimwe presha na mapigo ya moyo maana inaweza kuyapandisha, niandikiwe cheti kipya, kigongwe muhuri, nikitunze mpaka dirishani. Sasa nani alikaa kitako akabuni hili? Mtu ugonjwa wake ni kupoteza karatasi, matibabu yake ni kutunza karatasi! Ni kumwambia aliyevunjika mguu dawa yako tumeitundika juu ya mnazi.

Watu wa bima wakaniambia kwenye fomu yao hicho kipengele ni cha watoto. Ofisini nilipomwambia afisa rasilimali watu akacheka, "Hata mimi nasahau funguo." Daktari alisema dawa peke yake haitoshi, nahitaji mtu wa kunifundisha kupanga siku yangu. Nikamuuliza mtu huyo anapatikana wapi. Akakuna shingo. Akasema kwa sasa tumia kengele za simu. Ninazo 14. Ya 15 inanikumbusha zile 14 ni za nini.

Hayo yote ningemeza. Lakini KUCHUNGULIA CHINI YA KAUNTA? Wewe mama ulitegemea kitoke nini pale chini?

Na mnajua alimalizia na nini, baada ya kunivua nguo mbele ya umati? "Imeisha. Rudi Jumatatu." Yaani dawa HAIPO! Alikuwa anamtafuta mtoto wa kumpa nini?

Tumefika Ubungo Maji. Na hapa ndiyo nakumbuka cheti nimekiacha pale dirishani.

Sirudi. Wallahi sirudi.

---

Bakuli Tupu: Nimeshakaa na karanga zangu. Endeleeni.

Konda Mstaafu: Umeandika gazeti zima. Nimesoma kichwa cha habari tu. Mtoto yuko wapi?

Kiroboto wa Kimara: Mkuu kama mistari hiyo imekushinda, na wewe fika kwa daktari.

Fundi Dishi: ADHD ndo nini? King'amuzi changu kina HD peke yake. Hiyo AD ni kifurushi kipya au wameongeza bei kimyakimya?

Mzee wa Busara Nusu: Vijana mnapenda magonjwa ya kizungu. Sisi tulichapwa viboko tukatulia. Hakuna aliyekwenda dirisha lolote.

Chumvi ya Mawe: Mzee, wiki iliyopita ulifungua uzi kutuuliza gari lako umeliegesha wapi. Tulikusaidia kurasa nne.

Mzee wa Busara Nusu: Ile ilikuwa Kariakoo. Kariakoo haihesabiwi.

Binti Tandika: Huyo mama namjuaaa! Si yule mwenye jino la dhahabu? Alinitangazia dawa yangu ya fangasi mpaka mwanaume niliyekuwa namchekea foleni nzima akahama benchi.

Kiroboto wa Kimara: Hapana dada, huyu hana dhahabu. Ana mnyororo wa miwani.

Binti Tandika: Basi ni mwingine. Lakini na wa kwangu naye mbwa.

Pweza Mkavu: Wa kwangu ni mwanaume, mnene, anakula ubuyu huku anahesabu vidonge kwa vidole hivyo hivyo. Vidonge vyangu vya presha vilifika nyumbani vyekundu.

Konda Mstaafu: Hii nchi ina dirisha moja tu, wanabadilishana wa kukaa.

Msomi wa Jioni: Wakuu mkicheka mcheke na ukweli. Hiyo Ritalin mnayoiita dawa ya watoto, kemikali yake ilitengenezwa mara ya kwanza 1944 Uswisi na mkemia anaitwa Leandro Panizzon. Jina alilitoa kwa mkewe, Marguerite, ambaye nyumbani aliitwa Rita. Inasimuliwa kwamba mama huyo alikuwa anaimeza kabla ya kucheza tenisi. Kwa hiyo kabla watoto watundu hawajaijua, aliijua mke wa mtu. Kiroboto Jumatatu ukifika, ukiulizwa mtoto yuko wapi, jibu "Rita yuko wapi."

Fundi Dishi: Yaani jamaa kampa mkewe dawa halafu kaipa dawa jina la mke. Mimi wangu nikimpa Panado ananiuliza ya nani hii.

Msomi wa Jioni: Na kwa taarifa yenu, WHO, wale wa Shirika la Afya Duniani, waliombwa 2019 waiweke kwenye orodha yao ya dawa muhimu wakakataa. Wakaombwa tena 2021, wakakataa. Kuanzia kule juu wanauliza mtoto yuko wapi.

Bakuli Tupu: Karanga zimeisha, naagiza mihogo.

Mama Mapacha Mbagala: Kaka Kiroboto pole sana. Mimi nilianza kwa mwanangu. Daktari ananisomea dalili za mtoto, kila akitaja moja naona anataja mimi. Nikamuuliza, akasema mara nyingi hurithiwa. Shuleni sikuwa mtundu hata kidogo, nilikaa kimya nahesabu matofali ya ukuta, kwa hiyo hakuna aliyehangaika na mimi. Sasa tunakunywa dawa wawili. Siku ya kwanza nimekwenda na vyeti viwili, vya jina la ukoo mmoja, unajua niliulizwa nini? "Kumbe mtoto hana kosa, mwenye kosa wewe." Kwenye kipaza sauti.

Kiroboto wa Kimara: Dada!!! Ana mnyororo wa miwani?

Mama Mapacha Mbagala: Anao. Na kafeni.

Kiroboto wa Kimara: NDIYE! Mmeona? Si nimesema mnamjua?

Mama Mapacha Mbagala: Kilichonisaidia mimi ni shoga yangu mmoja. Ananipigia simu ya video jioni, yeye anakunja nguo zake, mimi nakunja zangu, hatuongei. Asipopiga, nguo zinalala kitandani wiki na mimi nalala sakafuni. Na usimeze kidonge mchana sana, utahesabu mapaa usiku kucha.

Pweza Mkavu: Huyo shoga ana dada yake? Nguo zangu zina miezi.

Tabibu wa Asili Original: Ndugu mleta uzi hayo ni mambo ya kurushiwa. Kuna mtu alichukua unyayo wako ukiwa mdogo huko Muheza. Njoo inboksi, malipo baada ya matokeo.

Chumvi ya Mawe: Tabibu, uzi wa jana ulisema hasara ya kuku wa kienyeji ni kurushiwa, wa juzi ukasema Simba kufungwa ni kurushiwa. Wewe nani anakurushia vifurushi vya intaneti?

Tabibu wa Asili Original: Ni wivu tu.

Dereva Bajaji Namba Moja: Kuhusu madirisha, mnalalamikia la dawa hamjakutana na dirisha la tiketi za mwendokasi. Nimetoa elfu kumi, dada ananiambia chenji hakuna, simama pembeni. Nimesimama pembeni. Mabasi sita yamepita. Anaongea na simu anasimulia harusi. Mpaka najua bibi harusi alivaa nini.

Binti Tandika: Alivaa nini?

Dereva Bajaji Namba Moja: Gauni la kukodi, lilikuwa limembana. Lakini siyo hoja.

Konda Mstaafu: Wewe una bajaji, mwendokasi ulikuwa unafuata nini?

Dereva Bajaji Namba Moja: Bajaji ilikuwa imekamatwa. Hiyo nayo ni habari nyingine, ngoja niwaeleze yule trafiki wa pale kwenye mzunguko, mnamjua...

Pweza Mkavu: Namjua! Mwenye kitambi cha upande mmoja?

Mzee wa Busara Nusu: Huyo alinichukulia leseni yangu. Au niliiacha mahali.

Bakuli Tupu: Samahani wakuu, nirudi nyuma kidogo. Hako kafeni ka kuchaji ka yule mama, mtu anajua kanapatikana wapi? Huku Tabata umeme umekatika tangu saa nane na nimelowa kama nimetoka kuvua.

Fundi Dishi: Kariakoo kapo mtaa wa Aggrey. Ka kukunja elfu 25, kakubwa kenye taa elfu 40. Usikubali bei ya kwanza.

Binti Tandika: Ka elfu 25 chaji inakaa saa moja tu, nilishalizwa. Chukua kenye taa.

Konda Mstaafu: Kenye taa kanavuma kama jenereta. Mke wangu alikarudisha.

Kiroboto wa Kimara: Wakuu hako kenye taa kanaingiza chaji kwa waya wa simu au kana waya wake? Nichukulieni kamoja, natuma hela jioni. Nimepitiliza kituo changu, nipo Kimara Mwisho.

Fundi Dishi: Waya wa simu. Rangi gani?