Niko Chennai na mama, chakula kimetushinda. Msaada wakuu

Mwana_wa_Pwani:
Wakuu, habari zenu. Nimemleta mama India kwa matibabu, tuko Chennai, wiki ya pili sasa. Matibabu yanaenda vizuri, shida ni kula. Tumetoka Tanga tukijua chakula cha Kihindi ni chapati, sambusa, bajia na biriani. Huku asubuhi tunaletewa vidude vyeupe kama vitumbua visivyo na sukari, vimepoa, na mchuzi mchachu. Mama kaonja kimoja akasema, "Mwanangu, hiki cha kumponya mgonjwa au cha kumuongezea?" Tangu hapo ni ndizi mbivu na chai tu. Daktari hajamkataza chochote. Mliowahi kukaa huku mlikula nini?

Kaskazi77:
Pole mkuu, mama apone. Wahindi wengi wa kwetu wazee wao walitoka Gujarat na Kutch, ndiyo mapishi tuliyokulia. Wewe uko Tamil Nadu, kusini kabisa, watu wa wali. Ni sawa na mgeni afike Bukoba aanze kuulizia wali wa nazi.
Hivyo vidude ni idli. Mchele na dengu vinalowekwa, vinasagwa, vinaachwa usiku kucha vichachuke, kisha vinapikwa kwa mvuke. Ikipoa hata wenyewe hawaitaki. Toka asubuhi, tafuta kimgahawa chenye foleni, mpe mama ya moto na chatne ya nazi. Mtu wa Tanga akatae nazi?

Shangazi_Jikoni:
Huo mchuzi mchachu ni sambar, una ukwaju. Mkikuta humo vijiti vya kijani, msivitupe, ni matunda ya mlonge! Sisi tunakausha majani tunayaita dawa, wenzetu wanapika tunda. Unalipasua kwa meno, unafyonza nyama ya ndani, makapi unayatema pembeni.
Mchana muagizie wali kwenye jani la mgomba. Amalizie na wali wa mtindi, hauna pilipili kali, tumbo linatulia.

Mzee_wa_Nyama:
Mboga mboga mtakufa. Ulizeni biriani ya Ambur, mchele wake mdogo mdogo, siyo basmati. Na mama akililia ugali, ulezi huko wanauita ragi, na ugali wake kwa Kitamil unaitwa kali. Usiogope jina 😂

Kaskazi77:
@Mzee_wa_Nyama mgonjwa huyo, mkuu, biriani ingoje kwanza.

Mwana_wa_Pwani:
Mrejesho. Leo nimemtoa mama kwa bajaji hadi mgahawa mmoja nyuma ya gesti yetu. Idli ilikuja inafuka moshi. Akachovya kwenye chatne, akanyamaza, akachovya tena. Kala nne! Mchana kwenye jani, alipoukuta mlonge kacheka: "Huu si ule wa uani kwetu, mbuzi ndiyo wanaula?" Kahawa yao ya maziwa, ile wanayoimimina toka kikombe hadi kibakuli ipoe, kanywa mbili.
Sasa hataki kurudi bila chombo cha kupikia idli. Kinapatikana wapi?

Shangazi_Jikoni:
Duka lolote la vyombo, mwanangu. Ni sufuria yenye sahani za vishimo zinazopangwa moja juu ya nyingine. Chukua la chuma cha pua, na mama aibebe mwenyewe mkononi, kwenye begi sahani zitapinda.